Simu ya Biharusi na Miamba ya Athmani

Juzi nimepita hapo dukani kwenu, nyinyi vijana mliokalia meza zetu za ufundi wa simu sokoni Kismayo. Mkaniamkia kwa adabu, Mungu awalipe, kisha mkarudi kwenye ubishi wenu. Nikajifanya natoa mchanga kiatuni ili nisikilize. Mmoja asema simu mpya ya ile kampuni ya bei kubwa si ghali, ati mtu hulipia anachokipata. Wa pili asema kwa bei hiyo mtu hununua mashine ya mashua na petroli ya kuanzia. Wa tatu, huyo mwenye kofia ya kijani, ameapa kwamba kampuni yenyewe imekwisha, haimalizi miaka mitano. Nikavaa kiatu changu nikaenda zangu. Nimechoka na ubishi huo, wanangu. Nimeubisha mimi tangu baadhi yenu hamjaota meno, na mwisho wake uliniuma, waniuma hata leo.

Lakini nilipofika nyumbani niliiweka chai kando. Nikajiambia, Lali, watoto wa watu hawajui, na usipowaambia wewe watakwenda kuropoka kama ulivyoropoka wewe. Basi nawaandikia. Mkono wangu mzito, na hadithi zangu hazifuati njia moja, mtanivumilia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Famau, fundi wa redio, zamani kabla ya vita. La haula, mzee mkali yule! Alikuwa na sahani ya kikombe iliyomeguka ukingo, na kila skrubu aliyoitoa aliipanga sahanini kwa mzunguko, ya kwanza juu, ya pili kandoni mwake, mpaka amalize duara. Siku moja mimi kwa ujuaji wangu nikazimwaga zote mkononi. Nikamaliza kufunga redio ya watu, nimebaki na skrubu tatu. Mwenye redio akauliza hizi je? Nikamwambia nimeipunguza uzito, sasa nyepesi kubeba. Mzee Famau alisubiri yule mteja atoke, kisha akanizaba kofi moja ambalo nikilikumbuka nashika shavu. Nikaifungua upya mbele yake, skrubu moja moja. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko ile sahani, hata nyinyi wenye sumaku na mikeka ya mpira.

Vita vilipoingia watu wetu walitawanyika, huyu kambini Kenya, yule Mombasa, mwengine Ulaya. Mzee Famau alifia ukimbizini. Mimi niliporudi nilishika kazi ya taar, yale maredio makubwa ya kuitia watu kambini. Mtu huja akaketi, namwitia mamake kule Kenya, wakasemezana, na foleni nzima nyuma yake imetega masikio. Ndoa ngapi zimevunjika mbele yangu, na ngapi zimefungwa! Kisha zikaja simu za vitufe. Ah, simu zile! Zikianguka baharini waziosha, wazianika, waziunga, zaendelea. Fundi alikula kidogo, lakini alilala.

Halafu ikaja biharusi.

Simu za ile kampuni ziliingia Kismayo ndani ya mikoba ya watu waliotoka Ulaya. Ndugu zetu wa kule mwawajua tabia yao, hawatumi nyumbani kitu duni. Atabaki yeye na simu iliyopasuka, lakini babake atapelekewa ile ya mwisho kutoka. Basi utamkuta mzee wa kisiwa cha Fuma, nyumba yake ya makuti, mfukoni ana simu ambayo waziri hana. Nani aliyelianza hilo jina sijui, ila sokoni sote tuliziita biharusi. Mahari kubwa, huletwa imefunikwa, hali chakula cha jikoni kwenu, na jamaa zake hawakuachi. Ukitaka kugusa kitu, lazima wao waulizwe kwanza.

Na ndivyo zilivyokuwa. Chaja ya jirani haikuingia. Mahali pa kutia memori kadi hapakuwepo. Vijana wa simu nyengine walirushiana nyimbo na picha za mpira bila shida, mwenye biharusi aketi kando, hapewi wala hatoi. Ukimvisha kioo kisicho cha kampuni, yaandika maneno kwamba kioo hiki hakijulikani, mbele ya mteja, yakuaibisha fundi! Na ikizeeka, programu moja moja zaikataa, zasema simu yako ya zamani, tafuta mpya, na hali yenyewe yang'aa kama jana. Nikisema haya kibarazani watu walicheka, nami nikapenda kuchekewa, nikazidisha.

Kuhusu kampuni kwisha, huyo mwenye kofia ya kijani anisikilize vizuri. Mwanangu, tanzia hiyo niliitangaza mimi kabla yako. Kila mwaka niliizika kampuni ile. Nikasema, kwa Kibajuni chetu, wachu hawatakubali bei hii tena, nikasema Wachina wameshaipita, nikasema wenye akili wote wamehama. Kila mwaka ikarudi imenenepa. Nimekoma. Mimi fundi wa Kismayo mwenye feni moja, nitajua wapi hesabu za matajiri wa dunia?

Makosa yangu na biharusi ni mengi. La kwanza, niliianika juani moja iliyoanguka baharini, kama tulivyozoea zile za vitufe. Kioo kikainuka, gundi ikayeyuka, simu ikafunua kinywa. Sikieni, simu ya maji ya chumvi usiianike wala usiifukie mchele. Izime, ifungue hapo hapo, isuuze kwa maji matamu, naam, maji juu ya maji, ili chumvi itoke, kisha ipige brashi na spiriti. Mteja atapiga kelele akikuona waiosha. Mwache apige. Chumvi ndiyo adui, si maji.

Kosa la pili lilinichekesha baadaye, wakati ule sikucheka. Biharusi haikubali kufanya kazi mpaka ufungue akaunti, na akaunti yataka baruapepe, na wazee wetu baruapepe watoe wapi? Sisi mafundi tukawa twafungua sisi. Mimi mwanzo niliwatilia wote ya kwangu, moja tu, siku ya kuzaliwa moja, neno la siri moja. Haraka, rahisi. Mpaka siku moja imamu wa msikiti wa mtaani kwetu akaja uso umeiva, simu kaishika kwa ncha za vidole. Ndani mna picha za wanawake wa harusini, wamejipamba, wacheza! Kumbe picha za mteja wangu mmoja, muuza samaki, zimepita kwa akaunti yangu zikaingia kwake. Nilimbusu mkono yule imamu mara tatu. Toka siku hiyo kila mchu nikamfungulia akaunti yake, ila neno la siri niliandika mimi, nikaliweka mimi, katika daftari langu. Wao hawakuuliza, nami sikuwapa. Tulidhani ndiyo kazi ilivyo.

Sasa niwaeleze habari ya Athmani.

Nahodha Athmani alikuwa mwenzangu wa kisiwa cha Ngumi, tumecheza pamoja utotoni, tumekimbia pamoja, tumerudi pamoja. Alivua kamba wa mawe, wale wakubwa wanaopelekwa mahotelini. Nyinyi mliozaliwa mjini pengine hamjui: kwetu mwamba wa kamba ni mali ya mtu kama shamba. Haukuandikwa popote, hauna hati, wauona wewe kwa alama za nchi kavu. Kilima hiki cha mchanga kikae juu ya pembe ya kisiwa kile, na mnara ule uguse mti ule, basi tupa nanga, uko juu yake. Baba humwonyesha mwanawe, tena baharini, kwa mdomo, na hapana mwengine. Hata mabaharia wake nahodha huwazungusha njia ndefu wasijue walikopita. Ukimuuliza nahodha wa Kibajuni amevua wapi, atakujibu, "Baharini." Hapo umejibiwa vizuri.

Vita vilikula zile alama. Minara ilianguka, miti ikakatwa kuni. Athmani aliporudi aliitafuta miamba ya babake kwa taabu, mmoja mmoja, miaka. Ndipo bintiye wa Ulaya akampelekea biharusi. Ndani yake mna ramani ya bahari, na ukifika mahali waweka alama kwa kidole, simu yakumbuka. Athmani aliingia dukani kwangu siku ile kama mtoto wa Idi.

"Lali," akaniambia, "hii imepata kichu ambacho babangu hakupata."

"Hata simu ya bei ndogo yaweza kazi hiyo," nikamjibu. "Na ile waweza kutoa alama ukampa mwanao kwa dakika. Hii haisemi ila na ndugu zake."

"Na mimi sitaki iseme na wachu."

"Siku ikifa?"

"Hata wewe utafa, Lali, na mamako hakukataa kukuzaa."

Kibaraza kizima kikamshangilia. Ubishi wetu ulikuwa hivyo, kila baada ya Alasiri, miaka mitatu minne. Yeye asema haijawahi kumpoteza, imeanguka majini mara mbili imeamka, na bei si yake kuisema kwa sababu ni heshima ya bintiye. Mimi nasema ni utumwa wa kujinunulia. Nikimtengenezea kioo nachukua pesa yake na bado namsimanga. Alinivumilia. Nilimpenda sana Athmani, nasema wazi, na sikupata kumwambia.

Asubuhi moja akivuta mashua ufuoni alianguka. Presha. Alilala siku mbili hasemi, ya tatu tukamzika.

Mwanawe wa kiume, Bakari, alikuja kwenye arubaini. Mtu mzima, ana miaka thelathini na kitu, amekulia kambini Kenya, kisha Mombasa akibeba mizigo. Anajua kuogelea na kuzamia, lakini bahari ya kwao haijui, kwa sababu hajaishi nayo. Mamake, Bi Kirembo, alimleta dukani kwangu baada ya hitima, mkononi ameishika simu ya marehemu, imefungwa kwenye leso.

"Lali," akasema, "namba za kufungulia nazijua, alinipa. Lakini mimi na huyu hatujui zaidi. Mtolee mwanangu miamba ya babake. Akipata miamba atakaa. Akiikosa atarudi Kenya kubeba magunia, na mimi kwa umri huu sitamwona tena."

Bakari alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi nataka kukaa, Ami," akasema. "Nimechoka kuwa mgeni."

Nikawaambia ni kazi ndogo. Kumbe! Ile programu ya ramani ilitengenezwa kwa simu za kampuni ile peke yake. Ikitoa alama, yazitoa katika faili ambalo simu ya Bakari, ya Kichina, yalitazama tu, hailifungui. Nikajaribu njia hii, nikajaribu ile, nikampigia fundi wa Mogadishu, akacheka. Na biharusi yenyewe isingekwenda baharini tena, betri imekwisha, yazima ikipata joto. Basi nikafanya kama Mzee Famau angefanya. Nikanunua daftari la shule. Nikafungua alama moja, nikasoma namba zake, Bakari akaandika. Kisha yeye akasoma, mimi nikahakiki. Alama sitini na zaidi, kila moja mistari miwili ya namba, na ukikosea tarakimu moja ya mwisho umeangukia kwa jirani. Tulikaa siku nne. Athmani aliupa kila mwamba jina: Kidevu, Mama wa Kambo, Mkwe Kanuna. Bakari alikuwa akicheka, mara nyengine aliacha kuandika akafuta macho.

Tukazitia zote katika simu ya Bakari. Akaazima mashua, akatafuta wazamiaji wawili, akaenda.

Alirudi na ndoo tupu. "Mchanga, Ami," akasema. "Mchanga na majani. Tumezamia mahali sita, hapana jiwe hata la kufungia mbuzi."

Nikasema labda tumekosea kuandika. Tukahakiki daftari tena, namba ziko sawa. Akaenda mara ya pili upande wa Ngumi. Mchanga. Mara ya tatu akaenda mbali, karibu na bandari ya Burgao, petroli ya kukopa, wazamiaji wananung'unika. Mchanga. Wazamiaji wakamwacha. Mjini wakaanza kumtania, wakimwona wanauliza, "Bakari, leo umevuna mchanga gunia ngapi?"

Hapo nikalipuka. Siku ile kibaraza kilijaa, nikasimama mimi, mtu mzima, nikaipiga biharusi begani kwa kidole kama mshtakiwa. Nikasema mmeona? Mmeona kampuni hii? Bei ya mashine ya mashua, haipatani na kitu chochote, na mwisho hata kuonyesha mahali haijui! Imemdanganya marehemu miaka yote, alikuwa akirudi miambani kwa akili zake mwenyewe na sifa yapewa simu! Nikasema kampuni ya hivi haiendi mbali, nawaambia, haiendi mbali. Wakapiga makofi. Wawili waliokuwa wakitaka kuagiza biharusi waliahirisha papo hapo. Ubishi ule wa miaka niliushinda siku ile, na mpinzani wangu yuko kaburini hawezi kujibu. Nilikwenda nyumbani nimefura.

Kesho yake Bi Kirembo akaja peke yake. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, akakataa maji.

"Nimesikia ulivyosema jana," akaanza.

"Nimesema kweli, Bi Kirembo. Ile simu muongo."

"Simu si muongo. Muongo ni mume wangu, Mungu amrehemu."

Sikumwelewa. Akazungusha pete yake kidoleni, kisha akanieleza. Siku moja Athmani alirudi kutoka dukani kwangu, hakula. Akatoa simu, akaanza kuvuta alama zake, mwamba mmoja baada ya mwengine, akizipeleka pengine. Huu kusini kidogo, huu upande wa nchi kavu, huu mbali kabisa. Jioni tatu alikaa na kazi hiyo. Bi Kirembo akamuuliza wafanyani? Akamwambia, naificha miamba. Kila mmoja nimeuvuta kwa kiasi chake, na kiasi hicho kiko kichwani mwangu. Bakari akirudi nitampa kwa mdomo, tuko baharini sisi wawili.

"Mimi sikukumbuka mpaka jana nilipokusikia ukiitukana ile simu," akasema. "Mchu mzima nikasahau. Majonzi yamekula kichwa changu."

"Lakini amfiche nani?" nikauliza. "Simu iko mfukoni mwake!"

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira.

"Wewe, Lali. Alikuuliza ukiifungua waona yaliyomo. Ukamwambia nini?"

Wallahi nilikumbuka papo hapo, na kabla ya hapo nilikuwa sikumbuki hata kidogo. Alikuja na kioo kilichopasuka. Kibarazani watu wamejaa. Akauliza kwa sauti ya chini, nami nikajibu kwa sauti ya kibarazani. Nikasema, "Naona yote, bwana! Hata mnayonong'onezana na mkeo! Na miamba yako nimeshaihesabu, siku nikichoka na meza hii nanunua mashua." Watu wakaangua kicheko. Athmani naye alicheka. Nakumbuka alicheka, akanilipa, akaondoka. Sikuwa nimefungua hata alama moja. Sikujua hata programu yenyewe yafunguliwa vipi. Nilitaka kuchekesha tu.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Mimi msemo huo niliusikia utotoni nikadhani ni wa watoto.

Nikamwambia Bi Kirembo, "Hakuniamini? Athmani? Mimi?"

"Alikuamini kwa mengine," akasema. "Kampuni ile hakuiogopa, iko mbali, haina mashua. Aliyemwogopa ni fundi."

Akainuka akaenda zake. Sikuweza hata kumsindikiza mlangoni.

Nilijaribu kulipa, msidhani nilikaa. Nilimwambia Bakari tuanze na mwamba wowote unaojulikana na watu, tuone umevutwa kiasi gani, pengine tutapata mtindo. Mwamba mmoja wa karibu na Fuma kila nahodha aujua, tukaupima: umevutwa kaskazini, mwendo mrefu. Tukautumia mtindo huo kwa wa pili, mchanga. Ni kweli, kila mmoja alikuwa na kiasi chake. Nikafunga duka nikaingia mashuani mwenyewe, mimi ambaye tumbo langu na mawimbi hayapatani, nikitapika upande huu Bakari akizamia upande ule. Tukawauliza waliokuwa mabaharia wa Athmani. Wakasema, mzee alituzungusha hata tukasahau mlango wa nyumba zetu ulipo. Kwa mwezi mzima tulipata miamba miwili, mmoja mdogo wa kukaa kamba wanne. Mtu hali kwa hiyo, wala haoi.

Basi nyinyi mnaobishana, mkitaka rai yangu ndiyo hii. Bei: ni kubwa, na anayetaka atalipa, msimkere. Kupatana na simu nyengine: haipatani, na ndiyo sababu mwateseka, lakini mimi na Bakari tulinakili alama sitini na zaidi kwa mkono bila kukosea, kwa hiyo hata hilo lina dawa. Kampuni kwisha au kubaki: sijui, na wewe mwenye kofia ya kijani hujui. Ila mteja anapokuwekea simu mezani ameweka nyumba yake. Akikuuliza waona nini, mjibu ukweli, tena kwa sauti aliyoulizia yeye. Kama huoni, sema sioni. Kama waona, mwambie waona, umfundishe kufunga. Na neno lake la siri mwandikie mpe, liondoke dukani kwako. Nyinyi bado mna daftari kama langu, nimeliona juzi chini ya feni. Lichaneni. Nimechoka, lakini kwa hili nawaomba kama baba yenu.

Bakari alikuja mara ya mwisho siku ya Alhamisi, begi limefungwa, mamake nyuma yake. Bi Kirembo hakuingia, alisimama mlangoni ameshika mwimo. Bakari akaiweka biharusi mezani.

"Ami, nataka kuiuza," akasema. "Nauli ya kwenda Mombasa, na kinachobaki nimwachie mama. Mnunuzi asema lazima ifutwe yote kwanza, ndipo ataichukua."

Nikaiwasha. Ikafika pale inapouliza neno la siri la mwenyewe. Siku zote hapo ndipo fundi huichukua simu, akaivuta kwake, akaandika yeye, mteja akatazama barabarani. Nikafungua daftari langu, nikachana kipande chenye jina la Athmani na neno lake la siri, nikampa Bakari pamoja na simu. Kisha nikageuza kigoda changu, nikakaa nimeelekea ukutani.

"Ami, huangalii?" akauliza.

"Siangalii, mwanangu."

Mlangoni nilimsikia Bi Kirembo akilia, bila sauti, pumzi tu. Bakari akaanza kugonga kioo, herufi moja moja, mpaka akamaliza.